Kwa nini alama ya shule ilitoka kama matofali? Picha za nukta na picha za mistari



Wengi kati yenu mulikuwapo siku ile tisheti za wafinalisti zilifika kutoka mjini. Tulifungua mfuko mbele ya darasa la sita, kila mtu anasukuma mwenzake apate kuona. Kiisha kimya kikaingia. Alama ya shule yetu, ile yenye kitabu na taa, ilikuwa imetoka kifuani kama ukuta wa matofali. Taa haikuonekana tena kuwa taa. Maneno yanayozunguka alama hayakusomeka hata kidogo. Palepale maneno mengine yakaanza: «Shefu wa darasa amekula franka zetu. Ametafuta mchapaji wa bei ya chini.» Ndugu yetu yule siku ile hakula chakula cha jioni. Na kuko wengine ambao mpaka leo hawajamwomba msamaha.

Wandugu, shefu hakula kitu. Mchapaji naye alichapa sawasawa kile alichopewa. Kosa lilikuwa ndani ya fishie (wengine wanasema faili), na fishie ile niliituma mimi. Njo maana nimeomba nafasi katika gazeti letu, nieleze kosa lenyewe ni gani, ili lisirudi tena.

Hivi ndivyo nilifanya. Nilichukua barua ya shule, nikapiga foto ile alama ndogo iliyo juu ya karatasi, nikaikata pembeni kwa telefone, nikaituma kwa WhatsApp. Kwenye telefone ilikuwa nzuri kabisa. Sikujua kama kile kilichofika kwa mchapaji kilikuwa na nukta 200 kwa upana na 200 kwa urefu, basi.

1. PICHA YA NUKTA

Pandeni kilima kimoja cha Masisi asubuhi, mutazame chini shamba la maharagi. Munaona kitambaa kimoja cha kijani. Sasa mushuke mpaka ndani ya shamba. Kitambaa hakiko tena: kuko shina hapa, shina pale, na udongo katikati. Shamba halikugeuka. Ninyi njo mumekaribia.

Foto iko vile vile. Ni vyumba vidogo vya mraba vilivyopangwa kwa mistari, kama daftari ya hesabu yenye miraba. Kila chumba kina rangi moja tu. Chumba kimoja kinaitwa pikseli; hapa tutasema nukta. Fishie ya namna hii inaitwa bitimapu. Foto zote za telefone ni bitimapu, na karatasi unayopitisha kwa skana inatoka bitimapu. Majina ya fishie hizi mara nyingi yanaishia na JPG ao PNG.

Mufahamu jambo hili vizuri: bitimapu haijui kama taa ni taa. Inajua tu kwamba chumba cha kwanza ni cheupe, cha pili cheupe, cha tatu cheusi, na kuendelea hivyo mpaka mwisho. Ukiiambia ikue mara kumi, haina kitu kipya cha kuongeza. Inachukua kila chumba na kukifanya kuwa kikubwa mara kumi kwa upana na mara kumi kwa urefu. Chumba kimoja kinajaza nafasi ya vyumba 100. (Programu nyingine zinachanganya rangi pembeni ili ngazi zisionekane, halafu picha inakuwa kama imefunikwa na ukungu. Lakini kitu kipya hakijaongezeka.)

Mama zetu wanaoshona vitambaa vya meza kwa misalaba midogo wanajua habari hii tangu zamani. Kama ua lina misalaba 30 kwa upana, na unataka lijaze kitambaa kikubwa bila kuongeza misalaba, ni lazima kila msalaba uwe mkubwa. Halafu pembeni ya ua panakuwa na ngazi ngazi.

Mtu wa kwanza kuingiza foto katika ordinateri kwa njia hii alikuwa Russell Kirsch, Marekani, mwaka 1957. Foto ilikuwa ya mtoto wake mdogo. Ilikuwa na nukta 176 kwa upana na 176 kwa urefu, ni kusema nukta 30.976 kwa jumla. Alama yetu ya tisheti ilikuwa na nukta 40.000. Munaona? Mimi na telefone yangu ya leo sikumpita mtu wa mwaka 1957 kwa mbali.

2. PICHA YA MISTARI

Sasa tumtazame fundi wa kujenga. Akitaka kupima msingi wa nyumba ya mviringo, habebi picha ya duara. Anapiga kigingi katikati, anafunga kamba, anazunguka nayo akichora chini. Nyumba ikiwa ndogo, kamba ni fupi. Ikiwa kubwa, kamba ni ndefu. Uduara ni ule ule.

Picha ya vekta inafanya kazi ya kigingi na kamba. Ndani yake hakuna vyumba. Kuko maagizo: chora duara, kitovu kiwe 50 na 50, nusu-kipenyo 40, jaza rangi ya bluu. Maagizo haya yanaandikwa kwa herufi na tarakimu. Ukipata fishie ya SVG, unaweza kuifungua kwa programu ya kawaida ya kuandika, ukasoma hesabu zake kwa macho yako mwenyewe. Ukitaka picha mara kumi, ordinateri inazidisha tu: 500, 500, na 400. Duara linabaki duara, na pembeni yake panabaki safi.

Jina lenyewe, vekta, ni lile ambalo mwalimu wa hesabu anaandika ubaoni akichora mshale juu ya herufi mbili. Kwa hiyo wale wanaouliza kila wiki «somo hili litatusaidia nini?», jibu moja ni hili.

Na mistari iliyopinda, kama ulimi wa moto wa taa? Jambo hili walilitatua wafundi wa magari huko Ufaransa. Paul de Casteljau alianza kulifanyia kazi mwaka 1959 kwa Citroën, na Pierre Bézier katika miaka ya 1960 kwa Renault. Walitaka kueleza umbo la bodi ya gari kwa hesabu, ili lisitegemee mkono wa mchoraji peke yake. Mstari unashikwa na nukta mbili za mwisho, halafu nukta nyingine mbili zinauvuta upande, kama vile unavyokunja fimbo changa kwa mikono miwili. Hesabu za nukta nne zinatosha kueleza mkunjo mmoja. Herufi nyingi tunazosoma leo katika ordinateri zimechorwa kwa mikunjo ya namna hiyo. Njo sababu unaweza kuandika herufi kubwa kama mlango, na bado ikatoka safi.

Fishie za vekta mara nyingi zinaishia na SVG, EPS, AI ao CDR. PDF inaweza kubeba vekta, inaweza kubeba bitimapu, inaweza kubeba zote mbili. Tutairudilia.

3. NANI ANAPANGA NUKTA, NA WAKATI GANI?

Mwanafunzi mmoja mwerevu aliniuliza: «Lakini mashini ya kuchapa yenyewe si inaweka nukta za wino?» Ni kweli. Tazameni gazeti hili mulilo nalo mkononi. Mwaka 1881 David Gestetner, Mhungaria aliyehamia London, alitengeneza kalamu yenye kigurudumu cha meno. Ilitoboa matundu madogo kwenye karatasi ya nta, na wino ukapita katika matundu hayo. Stensili zote zimefuata njia hiyo: mwisho wa yote ni matundu na wino.

Tofauti ni wakati. Katika bitimapu, hesabu ya nukta ilikwisha kuamuliwa siku foto ilipigwa. Mashini ikiwa na nguvu ya kuweka nukta ndogo sana, haina faida, kwa kuwa picha haina cha kuipa. Katika vekta, nukta zinapangwa siku ya kuchapa, na mashini yenyewe njo inazipanga, kwa nguvu yake yote. Mwaka 1984 kampuni ya Adobe ilitoa lugha iitwayo PostScript ya kuipa mashini maagizo ya mistari. Mwaka 1985 Apple ikauza mashini LaserWriter iliyofahamu lugha hiyo na kuchapa nukta 300 katika kila inchi. Maagizo yale yale yakipelekwa kwa mashini ya nukta 1.200, yanatoka safi zaidi, bila kuyagusa.

4. HESABU MBELE YA KUCHAPA

Kwa kazi inayosomwa kwa karibu, kama diplome, kitabu ao kalenda, wachapaji wanaomba nukta 300 kwa inchi. Inchi moja ni sentimita 2,54. Chukueni kalamu.

a) Foto ya telefone yenye nukta 4.000 kwa 3.000. Gawanya kwa 300: inchi 13,3 kwa 10, ni kusema karibu sentimita 34 kwa 25. Inajaza karatasi ya A4 bila shida.

b) Foto ile ile imetumwa kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida, ikapunguzwa mpaka nukta 1.600 upande mrefu. Gawanya kwa 300: inchi 5,3, karibu sentimita 13,5. Inafaa kwa kadi, lakini haifai kwa kalenda ya ukutani.

c) Alama yangu ya nukta 200. Gawanya kwa 300: sentimita 1,7. Ni kusema ilifaa kwa kitu kidogo kuliko kifuniko cha chupa. Na sisi tuliitaka iwe ya sentimita 20 kifuani! Milimita 200 kwa nukta 200: kila nukta ilipata milimita moja nzima. Hayo njo matofali mliyoyaona.

Kwa bango linalotazamwa kutoka mbali, kama lile la kwaya ukutani mwa kanisa, nukta 100 kwa inchi ao hata chini yake zinaweza kutosha. Sababu ni ile ya shamba la maharagi: jicho likiwa mbali, linaunganisha nukta lenyewe.

5. MFANO WA NCHI YETU: RAMANI

Musifikiri kama jambo hili ni la tisheti tu. Setelaiti za Ulaya zinazoitwa Sentinel-2 (ya kwanza ilirushwa mwaka 2015) zinapiga picha za dunia, na katika picha zao zilizo safi zaidi nukta moja inafunika mita 10 kwa 10 za ardhi. Nyumba ya mita 6 kwa 8 ni ndogo kuliko nukta moja! Ukiikuza picha ile mara mia, nyumba ya nyanya yako kijijini Walikale haitatokea. Haimo. Ili kuona nyumba ni lazima upate picha nyingine, iliyopigwa kwa nukta ndogo zaidi.

Wakati wa ugonjwa wa Ebola katika Kivu ya Kaskazini, toka mwezi wa 8 mwaka 2018 mpaka mwezi wa 6 mwaka 2020, watu wa kujitolea katika nchi nyingi walikaa mbele ya ordinateri zao, wakatazama picha za setelaiti zilizo safi, wakachora barabara na nyumba za jimbo letu katika ramani ya OpenStreetMap, ambayo ilianzishwa mwaka 2004 Uingereza. Picha waliyotazama ilikuwa bitimapu. Kile walichochora ni vekta: barabara ni mstari unaopita nukta hii na nukta ile, kila nukta na hesabu zake mbili za mahali. Ndiyo maana ramani ile inaweza kuchapwa kwa karatasi ya mfukoni ao kwa ukuta mzima wa kituo cha afya, na njia ya kwenda kijijini ikabaki mstari safi. Muuguzi anayetafuta kijiji hawezi kufuata ukungu.

6. IPI NI NZURI?

Kila moja kwa kazi yake. Sura ya mtu, mawingu juu ya milima, ng'ombe malishoni: hizo ni bitimapu, sababu rangi zinageuka kidogo kidogo kila mahali, na hakuna mtu anayeweza kuandika maagizo ya kila kivuli cha shavu. Alama, herufi, ramani, mchoro wa somo la biolojia, muhuri: hizo ni vekta. Tena kwa kuchapa tisheti kwa kitambaa cha wavu, kila rangi inaomba wavu wake. Katika vekta rangi zimekwisha kutengana, kazi ya fundi inakuwa nyepesi.

7. MAKOSA TUNAYOFANYA SANA

– Kuiweka JPG ndani ya PDF na kusema «sasa ni vekta». Hapana. Kumvika mbuzi ngozi ya ng'ombe hakumfanyi atoe maziwa ya ng'ombe. Kubadilisha herufi za mwisho wa jina la fishie ni vile vile.

– Kuandika 300 mahali palipoandikwa 72, na kufikiri picha imepona. Kama nukta ni 200, ni 200.

– Kutuma kazi kwa WhatsApp kama foto. Tumeni kama dokima, hapo haipunguzwi. Ao mupeleke kwa flashi.

– Kutuma vekta yenye maandishi bila kugeuza herufi kuwa mistari. Ordinateri ya mchapaji isipokuwa na herufi zile, inaweka zake, na jina la shule linatoka na sura ya kigeni.

– Kutazama picha ikiwa ndogo na kusema «ni muzuri». Ikuzeni mara nane kwenye kioo. Ngazi zikitokea pembeni, ni bitimapu. Mukiona pembeni pako safi, ni vekta.

8. TULIFANYA NINI?

Kuko programu zinazogeuza bitimapu kuwa vekta zenyewe. Inkscape, ambayo ilitoka mwaka 2003 na haiombi malipo, inaweza kufanya hivyo. Lakini ukiipa matofali, inakuchorea matofali kwa ustadi mkubwa. Basi tulichora upya. Mwalimu wa michoro alikaa na wanafunzi wawili wa mwaka wa tano siku mbili za alasiri, wakati umeme ulikuwapo. Waliweka foto ya barua chini, wakapitisha mistari juu yake: kitabu mistari minane, moto wa taa mikunjo minne, na duara moja. Katika kuchora waligundua kama maneno ya chini yalikuwa yamepoteza herufi moja, kwa sababu kila mtu alikuwa akinakili nakala ya nakala. Wazee wa shule waliulizwa, na herufi imerudi.

Fishie mpya ni ndogo kuliko foto moja ya telefone. Tumeiweka kwa ordinateri ya shule, kwa flashi mbili zinazolala katika nyumba mbili, na kwa telefone za walimu kadhaa. Munajua sababu. Kwetu Masisi na Walikale watu wamekimbia mara nyingi, na karatasi njo zinabaki nyuma. Mtu akikimbia hawezi kubeba kabati la ofisi, lakini maagizo ya duara na mistari michache yanaingia katika telefone yoyote. Fasi yoyote tutakapofika, alama itachapwa sawa na siku ya kwanza, kwa karatasi ya mtihani ao kwa mlango.

MAZOEZI. Kwaya inataka bango la mita 2 kwa upana. Foto yao ina nukta 1.000 kwa upana. (i) Nukta moja itakuwa na milimita ngapi? (ii) Je, wataonekana vizuri kwa mtu aliyekaa benchi la nyuma? Na kwa mtu wa benchi la mbele? (iii) Jina la kwaya liandikwe kwa bitimapu ao kwa vekta? Elezeni kwa nini. Leteni majibu kwa mwalimu wa hesabu mbele ya siku ya Ijumaa.

Neno la mwisho ni kwa shefu wetu wa darasa. Ndugu, ulisemwa vibaya mbele ya watu, na mimi nilinyamaza siku tatu kwa sababu sikuwa nafahamu kosa, na siku nyingine mbili kwa sababu nilikuwa nimelifahamu. Sasa nimelieleza mbele ya watu wale wale. Nakuomba msamaha. Na wale wengine, munajua nyumba yake iko wapi.